Makorongo ya Tarn na Jonte kwa baiskeli: panga saa kwanza, kilomita baadaye

Kila anayetaka kuja kuendesha baiskeli kusini mwa Ufaransa huniuliza kwanza: "Ni kilomita ngapi?" Mzunguko ninaoupenda kuliko yote unaanzia kijiji cha Le Rozier. Unapanda na mto Tarn hadi Sainte-Enimie, unakatiza uwanda wa Causse Méjean hadi Meyrueis, kisha unateremka na mto Jonte kurudi Le Rozier. Jumla ni kama kilomita 85, na mtu mwenye mazoezi ya kawaida anazimaliza. Kinachowashinda watu huku ni kufika mahali kwa saa isiyofaa: kijijini duka limefungwa, uwandani jua la utosi na chupa ni tupu, korongoni magari ya watalii yameshajaa. Naishi Montpellier, si mbali na huko, na barabara hizi nimezipita katika majira yote isipokuwa baridi kali. Nikipewa nafasi ya kumshauri mtu jambo moja tu, nitamwambia apange saa zake vizuri.

Mito hii miwili imejichimbia njia katika uwanda wa mawe ya chokaa na kuacha magenge yanayozidi mita 400 kwa kimo. Juu ni tambarare kavu ya nyasi, mawe na kondoo. Chini ni maji ya kijani na barabara nyembamba iliyobanwa kati ya mto na mwamba. Ufugaji wa kondoo umeendelea huko kwa karne nyingi, na ndio ulioiingiza nchi hii ya nyanda za Causses na milima ya Cévennes katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011. Vijiji vimekaa palepale vilipowekwa Zama za Kati: kwenye kivuko, kwenye chemchemi, au chini ya jabali lenye ngome juu yake.

Njoo mwezi wa Mei, Juni, au mwanzoni mwa Septemba. Julai na Agosti barabara ya Tarn hujaa magari yanayovuta matela ya mitumbwi ya kukodisha, na joto la alasiri linachosha kabla hata hujaanza kupanda. Kuanzia katikati ya Septemba hadi Novemba kuna mvua za Cévennes, ambazo humwagika kwa saa chache tu lakini huujaza mto ghafla na kuangusha mawe barabarani. Mamlaka zikitoa tahadhari ya mvua hizo, baki nyumbani siku hiyo.

Ondoka Le Rozier saa moja asubuhi. Jua huchelewa kuingia korongoni, hivyo hata Juni utahitaji koti jepesi la upepo kwa saa ya kwanza, na mikono itakufa ganzi kidogo kwenye breki. Faida yake ni kubwa: kwa zaidi ya saa nzima barabara inakuwa yako na ya ndege tu. Ukifuata mto kwenda juu, barabara iko ukingo wa kulia wa Tarn (kulia kwa anayeteremka na mto) na Wafaransa wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo mto utakuwa mkono wako wa kulia, chini ya kijiukuta kifupi cha mawe. Unaona maji muda wote, na mwamba unaoning'inia uko upande wa wanaokuja. Anayeteremka na mto anapita chini ya mwamba huo, na mto unampita bila kuuona sawasawa. Ndiyo sababu nawaambia watu wazunguke kwa mwelekeo huu.

Kwa sisi tuliozoea kuendesha kushoto, Tanzania, Kenya au Uganda, hatari haiko pale unapokuwa katikati ya mwendo. Iko unaposimama kijijini, ukanywa kahawa, ukapanda tena baiskeli huku barabara ikiwa tupu. Mwili wenyewe unakupeleka kushoto. Nimejiwekea desturi ya kuiegemeza baiskeli upande wa kulia wa barabara tu, ikiwa tayari imeelekea ninakokwenda. Fanya hivyo tangu siku ya kwanza.

Barabara ya Tarn ina mahandaki mafupi yaliyotobolewa mwambani. Ni mafupi kweli, lakini ukiingia kutoka kwenye jua huoni kitu kwa sekunde kadhaa, na dereva aliye nyuma yako naye haoni. Washa taa ya nyuma asubuhi na uiache hivyo mpaka jioni. Sheria inamtaka dereva anayekupita nje ya mji aache nafasi ya mita 1.5, na wengi wanaiheshimu. Ila lazima akuone kwanza.

Ukikipita kidogo kijiji cha Les Vignes utafika Pas de Souci, mahali ambapo majabali yaliporomoka na kuufunika mto hadi maji yanapotea chini yake. Simama hapo. Mwendo uliobaki hadi Sainte-Enimie una vipando vingi vidogo ambavyo ramani haivioneshi, na mtu anayeamini kwamba barabara ya kando ya mto ni tambarare humaliza nguvu zake hapa. Tumia gia nyepesi mapema, miguu izunguke haraka bila kusukuma. Saint-Chély-du-Tarn utakiona ng'ambo, maji yakianguka kutoka kijijini moja kwa moja hadi mtoni. Vuka daraja ukaone kanisa lake la kale. Ni dakika chache tu.

Jitahidi kufika Sainte-Enimie kabla ya saa nne. Huu ndio moyo wa safari, na nasikitika kuona waendeshaji wengi wakijaza chupa na kuondoka. Wenyeji husimulia kwamba Enimie alikuwa binti mfalme wa ukoo wa Merovinji aliyeshikwa na ukoma. Aliambiwa akaoge katika chemchemi ya Burle, akapona, lakini kila alipotaka kuondoka bondeni ugonjwa ulimrudia. Basi akabaki, akajenga nyumba ya watawa, na kijiji kikakua kuizunguka. Hata yale majabali ya Pas de Souci, wanasema, yalianguka alipokuwa akimfukuza Ibilisi. Chemchemi yenyewe bado inatoka hadi leo.

Vichochoro vya kijiji usiviendeshe. Vimetandikwa mawe ya mtoni yaliyosimamishwa wima na kubananishwa, na katikati kuna mfereji wa kupitisha maji ya mvua. Kila jiwe limelainishwa na nyayo hadi linang'aa, na viatu vya baiskeli vyenye kipande kigumu chini ya soli vinateleza hapo hata wakati wa kiangazi. Mimi hubeba ndala nyepesi kwenye mfuko wa nyuma ya kiti. Navua viatu, naikokota baiskeli, natembea taratibu kati ya nyumba za mawe zenye mapaa ya mawe. Kijiji kama hiki kilijengwa kwa ajili ya punda na mtu aliyebeba mzigo, na kwa mwendo huo ndipo unaona milango midogo ya maghala na ngazi zilizochongwa mwambani.

Nunua chakula hapahapa, na ununue sasa. Maduka mengi ya vijijini hufungwa kuanzia saa sita au saa sita na nusu mchana hadi saa tisa au kumi, na Jumatatu mengine hayafunguki kabisa. Ukiingia dukani, neno la kwanza ni "Bonjour". Tuliofundishwa kusalimu kabla ya kueleza shida hatuna la kujifunza hapo, lakini mtu aliyechoka husahau, na bila salamu utahudumiwa kwa uso mkavu. Mkate, kipande cha jibini la Roquefort, nyanya, na aprikoti zikiwa msimu, vinatosha. Kwa asiyekula nguruwe: nyama nyingi za kukausha na soseji za huku ni za nguruwe, hivyo uliza kabla mikate haijajazwa.

Halafu maji. Jaza chupa mbili, na kama una nafasi ya ya tatu, jaza. Mawe ya chokaa yanameza mvua yote. Inazama chini na kutokea huko mabondeni kama chemchemi, na juu ya Causse Méjean hakuna mto wala kijito. Bomba lolote lililoandikwa "eau non potable", yaani maji yasiyofaa kunywa, usinywe maji yake, hata kama yanaonekana safi. Kwingineko bomba la makaburini ni msaada mzuri kwa mwendesha baiskeli, lakini uwandani vijiji vimeachana mno kuyategemea mabomba hayo.

Kutoka Sainte-Enimie unapanda zaidi ya mita 400 kwa mkupuo mmoja hadi kilele cha Coperlac, mita 907 juu ya usawa wa bahari. Aliyepita mlima Kitonga akielekea Iringa ataelewa haraka: kona za kujikunja, genge upande mmoja, bonde linazidi kuzama nyuma yako, ila hapa malori ni machache. Kama umri au mazoezi vinakudai, weka gia yenye meno 34 mbele na 34 nyuma, na tairi za milimita 28 au 30. Ndiyo maana nasisitiza kabla ya saa nne: baadaye ukuta wa mwamba unarudisha joto usoni na kivuli kinaisha.

Juu ni upepo na nyasi. Kando ya barabara kuna pango la Aven Armand, lililogunduliwa mwaka 1897 na Louis Armand, mhunzi wa Le Rozier aliyefanya kazi na mtafiti wa mapango Édouard-Alfred Martel. Ndani ni baridi, na wakati wa jua kali hakuna pahali pazuri zaidi pa kupumzikia. Funga baiskeli, vaa lile koti la asubuhi, ushuke.

Mteremko wa kuingia Meyrueis uuheshimu. Jirani na hapo, barabara ya kwenda Florac inapita kilele cha Perjuret. Tarehe 10 Julai 1960, katika mashindano ya baiskeli ya Tour de France, Roger Rivière alikuwa wa pili nyuma ya Gastone Nencini na akimfuata kwenye mteremko wa kilele hicho. Akakosa kona, akatumbukia bondeni, akavunjika uti wa mgongo. Alikuwa na miaka 24 na ndiye aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mwendo wa saa moja. Hakushindana tena. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, na ndani ya kona achia breki. Tazama unakotaka kutokea, usitazame changarawe zilizo ukingoni. Tumia breki zote mbili kwa vipindi, usizikamate mfululizo.

Meyrueis ina mnara wa saa uliobaki kutoka kwenye ngome yake ya zamani, na mikahawa chini yake. Usikae sana. Kuanzia hapo kilomita 21 za Jonte ni mteremko mpole, lakini alasiri upepo mara nyingi huvuma kutoka chini ya bonde na utakanyaga kweli. Tazama juu: wale tumbusi wakubwa walikuwa wametoweka kabisa, wakarudishwa na kuachiwa kuanzia mwaka 1981, na leo wanaruka kwa makundi juu ya magenge ya Le Truel. Wanasubiri mwamba upashe hewa joto ndipo wapande nayo bila kupiga bawa. Ukiona wengi wamekwenda juu sana, ujue upepo wa bondeni nao umeshaamka. Ukiona mawingu meusi yanajengeka juu ya mlima Aigoual, usisimame tena hadi Le Rozier.

Malazi yaagize mapema, chakula cha jioni kikiwemo, na uulize kama kuna pa kufungia baiskeli usiku. Waambie pia utafika saa ngapi, maana nyumba nyingi za wageni huku haziwashi jiko tena baada ya saa mbili na nusu usiku.