Jibu: Hatua zinazopotea sokoni na zinazozuka kwenye bodaboda

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini saa yako janja ya mkononi ilihesabu hatua chache mno ulipokuwa ukisukuma toroli sokoni Mbuyuni, kisha ikakuongezea hatua ukiwa umekaa kwenye bodaboda kuelekea Kibosho. Saa haiioni miguu yako. Ndani yake mna kihisi kinachopima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, katika mihimili mitatu (juu-chini, kushoto-kulia na mbele-nyuma), mara nyingi kwa kila sekunde, na programu hutafuta katika vipimo hivyo mawimbi yanayojirudia kwa kasi ya mtu anayetembea, yaani takribani hatua 2 kwa sekunde. Mkono ulioshika mpini wa toroli hauchezi kama mkono unaoning'inia, hivyo wimbi huwa dogo na programu hulitupa. Barabara ya mashimo nayo inaweza kukutikisa kwa mdundo unaofanana na mwendo, ndipo zinapozuka hatua za bure. Vifaa vingi husubiri hatua kadhaa mfululizo kabla ya kuanza kuhesabu, jambo ninaloliona la busara, ingawa linampunja muuzaji wa dukani anayepiga hatua 4 na kusimama.

Kwa kazi ya toroli, iweke saa katika mfuko wa suruali unaobana, ikiwa haiachi kuhesabu inapovuliwa. Kipimo cha mapigo ya moyo utakikosa, lakini paja halidanganyi. Kisha tembea hatua 100 ukizihesabu kwa mdomo, ulinganishe. Nilipojaribu nikiwa nimebeba ndoo ya maji, saa ilisoma 81. Mikono ikiwa mitupu, ilisoma 98.