Nimelipia bima ya nyumba, benki imeniandika mdaiwa

SWALI

Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu wa sekondari, mkazi wa Mikindani, Mtwara. Nina mkopo wa nyumba wa miaka 15, na rejesho lake la Sh380,000 hutoka kila mwezi katika akaunti yangu ya mshahara kwa agizo la kudumu. Sijawahi kukosa mwezi. Mkataba unanitaka niikatie nyumba bima ya moto, nami huilipia mwenyewe kila mwaka na kupeleka nakala ya hati tawini. Mwaka jana benki ilibadilisha mfumo wake wa kompyuta, kisha, bila kunijulisha, ikaanza kunidai Sh18,000 zaidi kila mwezi kwa ajili ya bima hiyo hiyo. Agizo langu likaendelea kutoa 380,000 kama kawaida. Nilikuja kuyajua haya nilipoomba mkopo katika benki nyingine ili ninunue mashine ya kubangulia korosho kabla ya msimu, nikajibiwa kuwa nina mkopo chechefu, yaani mkopo usiolipwa ipasavyo. Afisa mikopo wa tawi langu ananishauri nilipe tofauti hiyo pamoja na adhabu zake ili mfumo utulie. Je, nilipe? Na jina langu atalisafisha nani?

Mwalimu, Mikindani

JIBU

Mwalimu, usilipe kwa namna uliyoshauriwa. Ukilipa kimyakimya, kumbukumbu zitasomeka kwamba ulikuwa na malimbikizo ukayamaliza kwa kuchelewa, ilhali unachodai wewe ni kwamba malimbikizo hayo hayakuwapo tangu mwanzo. Lakini pia usije ukasimamisha rejesho lako la 380,000 kwa hasira, kama wanavyofanya wengi wanaogombana na benki, kwa sababu siku utakapoacha kulipa deni halali utakuwa umeipatia benki sababu ya kweli badala ya ile ya uongo. Kama unaona adhabu zinakua na unataka kuzizuia, lipa hizo 18,000 zinazobishaniwa ukiambatanisha barua inayosema kwamba unalipa bila kukiri deni na kwamba unahifadhi haki yako ya kurudishiwa.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe, maana ndani yake mna jambo ambalo afisa mikopo hakukueleza. Kwa kawaida mkopo huhesabiwa kuwa chechefu pale malipo yanapopitiliza siku 90 tangu tarehe yalipostahili kulipwa. Upungufu wako ni Sh18,000 kwa mwezi. Kama 380,000 zako zingekuwa zinapokewa na kufuta kwanza deni la zamani, basi rejesho la mwezi wa pili lingeziba upungufu wa mwezi wa kwanza, la mwezi wa tatu lingeziba ule wa pili, na deni lako kongwe lisingeweza kuzidi umri wa mwezi mmoja na siku chache. Jumla ya upungufu ingeongezeka, ndiyo, lakini siku 90 zisingefika kwa muda mfupi hivyo. Ukifikiwa na siku 90 ukiwa unalipa kila mwezi, kuna mambo mawili yanayowezekana. La kwanza ni kwamba mfumo mpya uliyaona malipo yako kuwa pungufu, ukakataa kuyaingiza kwenye mkopo na kuyaweka pembeni katika akaunti ya kushikilia fedha, hivyo kila mwezi ukahesabiwa kuwa hujalipa chochote. La pili ni kwamba fedha zako zililipa riba na deni la msingi (kile kiasi ulichokopa) bila tatizo, ila tozo ya bima iliwekwa katika mstari wake wa mwisho, isiguswe na malipo yoyote, ikazeeka peke yake hadi ikauchafua mkopo mzima.

Tofauti ya mambo haya mawili si ndogo. Katika la kwanza, huenda pia umetozwa riba kubwa kuliko inavyostahili, kwa kuwa deni la msingi halikuwa likipungua wakati fedha zako zimelala pembeni. Kurudishiwa tozo ya bima peke yake hakutakutosha, na lazima mkopo upigiwe hesabu upya tangu mwezi ambao kosa lilianza. Katika la pili, hesabu ya riba inaweza kuwa sawa, na unachotakiwa kupinga ni tozo, adhabu na jinsi mkopo ulivyopewa daraja.

Utajuaje? Omba kwa maandishi taarifa ya akaunti ya mkopo, wala si ile ya akaunti ya mshahara ambayo karani atakuchapia haraka. Ya mshahara inaonyesha fedha zilivyotoka mkononi mwako. Ya mkopo inaonyesha zilivyopokewa, tarehe gani, na ziligawanywaje kati ya adhabu, riba, deni la msingi na tozo nyingine. Nimeona wateja wengi wakienda kulalamika na karatasi za akaunti ya mshahara zilizopigwa mistari ya kalamu nyekundu, na benki ikawajibu kwa utulivu kwamba haibishi kuwa fedha zilitoka. Omba pia jedwali la marejesho lililoambatana na mkataba, na jedwali jipya kama lipo.

Ukishavipata, andika barua moja kwa meneja wa tawi, yenye madai mawili yanayotajwa kila moja peke yake. Dai la kwanza lihusu fedha: tozo ya bima ifutwe tangu ilipoanza, adhabu zilizozaliwa nayo zifutwe, na mkopo uhesabiwe upya ikiwa fedha zilikuwa zimewekwa pembeni. Dai la pili lihusu taarifa: benki isahihishe kumbukumbu ilizozipeleka Benki Kuu, kwa kila mwezi uliohusika. Ninasisitiza kuyatenganisha kwa sababu ndani ya benki yanashughulikiwa na watu tofauti, na mara nyingi la fedha humalizwa huku la taarifa likisahauliwa, kisha mteja huambiwa lalamiko lake limekwisha. Ambatanisha hati za bima za miaka yote, stakabadhi za malipo, na ushahidi wowote kwamba nakala zilifika tawini. Peleka barua kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mazungumzo ya dirishani na ya simu hayatakusaidia mbele ya mtu wa tatu.

Benki isipokujibu, au ikijibu kwa namna isiyoridhisha, unapeleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo inawalinda watumiaji wa huduma za fedha chini ya kanuni za mwaka 2019. Ninyi wa Kusini hamlazimiki kufunga safari ya Dar es Salaam, kwa kuwa Benki Kuu ina tawi lake Mtwara. Zingatia kwamba huko hutasikilizwa vizuri kama hukuanza na benki yako kwa maandishi, na ndiyo maana muhuri ule una thamani. Kuhusu Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo huenda mtu akakuelekeza, sioni kwamba inahusika hapa; kampuni yako ya bima haijakukosea lolote.

Umeuliza jina litasafishwa na nani. Kwa utaratibu wetu, mabenki hupeleka taarifa za wakopaji katika kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa ya kompyuta, iliyo chini ya Benki Kuu, na kampuni zenye leseni za kutoa taarifa za mikopo, mojawapo ikiwa Creditinfo Tanzania, huziandalia benki nyingine ripoti kutokana na taarifa hizo. Kanuni zinazoongoza mambo haya ni za mwaka 2012. Maana yake kwako ni kwamba kampuni ya taarifa haikulitunga kosa, bali imelipokea, na haiwezi kulifuta bila benki iliyolipeleka kuthibitisha. Hata hivyo iandikie nayo, uombe ripoti yako na kueleza kwamba unaipinga, ili ijulikane tangu sasa kuwa taarifa hiyo ina ubishi. Unaweza pia kuitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayompa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na ambayo ina Tume yake ya kupokea malalamiko.

Kuna hatari moja usiyoiuliza. Mkopo wako umewekewa nyumba kuwa dhamana, na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamruhusu mkopeshaji kumpa mkopaji notisi ya kutolipa, ambayo siku 60 zikipita deni lote linaweza kudaiwa na hatua dhidi ya dhamana zikafuata. Ukipokea notisi ya namna hiyo usiichukulie kuwa ni makosa mengine ya kompyuta. Ijibu kwa maandishi mara moja ukiambatanisha barua zako, na umwone wakili kabla siku hizo hazijaisha.

Kuhusu fidia, unaweza kudai hasara uliyoipata kwa kukosa mkopo wa mashine, lakini mahakama zetu zinataka hasara mahususi itajwe na kuthibitishwa, na kauli kwamba msimu umekupita haitoshi. Tunza barua ya benki iliyokukatalia, na ikiwa ulijibiwa kwa mdomo rudi ukaombe barua. Tunza pia ankara ya bei ya mashine na makubaliano yoyote uliyokuwa nayo na wanunuzi wa korosho zilizobanguliwa. Dai linalotokana na mkataba lina ukomo wa miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo, ila dai la kuchafuliwa jina lina miaka mitatu tu, kwa hiyo usiliache likae.

SWALI

Mimi yamenifika kama hayo hapa Lindi mjini. Benki yangu ilikubali kosa kwa simu na fedha ikanirudishia, lakini nikienda kuomba mkopo kwingine bado naonekana mdaiwa. Nifanye nini tena?

Msomaji, Lindi

JIBU

Ndugu yangu, ninachokishuku ni kwamba benki ilifunga deni bila kusahihisha historia yake. Ripoti yako huenda sasa inasema malimbikizo yamelipwa, na mkopeshaji mwingine akiisoma anamwona mtu aliyechelewa, akalipa baada ya kubanwa. Iombe ripoti hiyo uisome mwenyewe mwezi kwa mwezi.

Kisha iandikie benki yako ikupe barua, kwa kuwa ile simu haina nguvu. Usikubali barua inayosema tu kwamba hudaiwi. Barua unayoihitaji itamke kwamba taarifa za kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani zilipelekwa kimakosa, kwamba mteja hakuwa na malimbikizo katika kipindi hicho, na kwamba marekebisho yamewasilishwa kwenye kanzidata tarehe fulani. Wakikuandikia vinginevyo, irudishe na uwaeleze sentensi inayokosekana. Benki ikishawasilisha marekebisho hayo, chukua ripoti mpya na uhakikishe miezi ile imebadilika kabla hujajaza fomu nyingine ya mkopo, na barua ile uiambatanishe na maombi.