Mwanangu amepata cheti cha pikipiki ya theluji: pa kumpeleka mtoto anayeanza

Jumamosi iliyopita, kwenye shamba jeupe nje kidogo ya mji wetu wa Moorhead, Minnesota, mwanangu wa miaka 13 alizima injini, akavua helmeti, akanitafuta kwa macho katikati ya wazazi wengine. Aliponiona akainua dole gumba. Amefaulu. Machozi yalinitoka palepale na yakaanza kuganda kwenye kope, na wala sikujali nani ananiangalia.

Usiku ule nikafungua meseji ya dada mmoja Mkongomani aliyeko Maine. Anasema mtoto wake anawaona wenzake shuleni wakizungumza habari za pikipiki za theluji, zile mashine za injini zinazokimbia juu ya theluji, kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, na kila siku anamuuliza, "Mama, mimi nitajifunzia wapi?" Dada anasema hajui hata pa kuanzia. Nami sikujua, dada yangu. Nilipoteza miaka mitatu kwa kutokujua, na mtoto wangu alivunjika mkono. Ngoja nikusimulie.

Sisi ni watu wa Tanga. Tulipohamia huku sikuwa nimewahi kushika theluji. Lakini kaskazini mwa Minnesota pikipiki ya theluji ni kama baiskeli kwetu. Kampuni ya Polaris inayozitengeneza ilizaliwa mwaka 1954 katika kijimji cha Roseau, na mwenzake Arctic Cat ni ya Thief River Falls, mwendo usiofika saa mbili na nusu kutoka kwangu. Watoto wa hapa wanapandishwa mashine ndogo wakiwa hata shule hawajaanza. Mwanangu alikuwa anasikiliza hadithi za wenzake kama mtoto aliyekatazwa kwenda uwanjani.

Majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023 theluji ilianguka mpaka ikafunika madirisha ya chini. Baba mmoja tunayefahamiana akasema, mlete kwangu, nina sledi, ndivyo wenyeji wanavyoziita, atajifunza siku moja tu. Nikamshukuru kweli. Mtoto alikuwa na miaka 10. Mashine yenyewe ilikuwa ya mtu mzima, yenye uzito wa zaidi ya kilo 200. Akamkalisha, akamwonyesha breki upande wa kushoto, mafuta upande wa kulia, akampigapiga mgongoni, haya nenda.

Hapa nataka mnielewe vizuri, maana ndipo penye hatari. Mafuta ya sledi hayavutwi kwa kuzungusha mkono kama kwenye bodaboda. Kuna kikono kidogo kwenye usukani unakisukuma kwa dole gumba la kulia. Mtu akishtuka, mwili mzima unakaza, vidole vinashika usukani kwa nguvu, na dole gumba nalo linazidi kubana. Kwa hiyo kadiri mtoto anavyoogopa ndivyo mashine inavyokimbia. Mwanangu aliogopa. Nilimwona akienda moja kwa moja kwenye lundo la theluji lililosukumwa na greda, lundo gumu kama ukuta. Ile kamba ya usalama, inayofungwa kwenye nguo ya dereva ili akidondoka injini izime yenyewe, hakufungwa. Alivunjika mkono juu kidogo ya kiganja, akafungwa hogo wiki sita.

Kwenye kundi letu la familia mjomba mmoja akaandika kwamba nimeacha kulea, nafuata mambo ya wazungu. Watu kumi na moja wakaunga mkono. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto anaendeleaje. Hilo bado linaniuma, sitaficha.

Alipopona akarudi kulekule: "Mama, lini?" Nikapiga simu sehemu moja ya kukodisha mashine upande wa maziwani, nikalipia kabisa, nikaomba ruhusa kazini. Tulipofika mhudumu akasema dereva lazima awe na miaka 18, mtoto akae nyuma tu. Kwenye simu nilikuwa nimewaambia mara mbili kwamba anayejifunza ni mtoto. Tulirudi nyumbani bila kusemezana. Nawaambia ili msirudie: mahali pa kukodisha ni pa watalii wenye umri wao. Usimpeleke mtoto pale ukitegemea shule.

Aliyenifungua macho ni mfanyakazi mwenzangu, mama wa makamo, tukiwa zamu ya usiku. Akaniuliza, "Kwani hujamwandikisha kwenye kozi?" Kozi! Hakuna aliyewahi kunitajia.

Kumbe hapa Minnesota Idara ya Maliasili, DNR, ina mafunzo ya usalama wa sledi kwa vijana kuanzia miaka 11. Mtoto anasoma sheria kwanza, darasani au mtandaoni, kisha kuna siku ya kuendesha mbele ya mwalimu. Cheti kinaanza kutumika akifika miaka 12. Walimu ni watu wa kujitolea, na wengi wanatoka kwenye klabu za sledi za vijiji na miji, hawa hawa wanaosawazisha njia za jimbo zinazozidi maili 20,000. Kwenye tovuti ya idara utaona orodha ya madarasa na tarehe zake. Tafuta mapema, kuanzia Oktoba, maana nafasi zinajaa.

Sheria hiyo inawagusa na wazazi. Aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1976 lazima awe na cheti ndipo aendeshe. Nami nikasoma, usiku, nikitoka zamu, nikafaulu kabla ya mwanangu. Mzazi anayemtuma mtoto kujifunza kitu ambacho yeye hataki hata kukisoma anategemea nini?

Mara ya kwanza hatukufika mbali. Majira ya 2023 kuingia 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minnesota, theluji hakuna, na siku ya kuendesha ikafutwa. Mwaka uliofuata nilikuwa na zamu za wikendi. Mwaka huu tukapata.

Mwalimu wa klabu, mzee wa miaka sabini na kitu, hakuwasha injini kwa karibu saa nzima. Aliwakalisha watoto mmoja mmoja juu ya mashine iliyozimwa. Bonyeza dole gumba. Achia. Sasa nikipiga kelele, fungua viganja vyote viwili kabisa. Akapiga kelele. Mwanangu akabana. Tena. Akabana. Tena. Mara ya tano au ya sita viganja vikafunguka vyenyewe, na mimi nikajua kwamba huyu mzee amefika mahali ambapo hogo la wiki sita halikufika.

Kisha wakapewa mashine za watoto zenye injini ya cc 120. Hizo zikitoka kiwandani zimefungwa mwendo, zinakwenda kama maili 8 kwa saa, uzito wake kama kilo 70. Mtoto akipinduka anaweza kujitoa. Anayeanza aanzie hapo, hata kama mguu unagusa chini na wenzake wanamcheka. Wakajifunza na ishara, zote kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umeshika mafuta: mkono ulionyooka pembeni, nakata kushoto; uliokunjwa kwenda juu, nakata kulia; ulioinuliwa wima juu ya kichwa, nasimama.

Binti yangu wa miaka 11 naye yumo kwenye kozi, na nilikuwa na wasiwasi kuhusu ushungi wake. Mwalimu alinieleza kwa heshima kwamba kitambaa chochote kinachoning'inia, hata skafu ya kawaida, kinaweza kunaswa na mashine. Tukauchomeka wote ndani ya jaketi, juu yake soksi ya kichwa, kisha helmeti. Helmeti ni lazima kisheria kwa aliye chini ya miaka 18. Basi, shida ikaisha hapo. Mama Waislamu mnaoniandikia, msiwanyime mabinti kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo dada wa Maine, usianze na mashine wala duka. Piga simu idara ya jimbo lako inayosimamia wanyamapori na njia za theluji, uliza kozi ya vijana, uliza umri, maana kila jimbo lina sheria yake. Kisha tafuta klabu iliyo karibu. Nenda kwenye mkutano wao hata kama utakuwa Mwafrika peke yako humo ndani. Mimi nilikuwa peke yangu, nikapewa kahawa na kiti. Pa kufanyia mazoezi pawe shamba tambarare lisilo na miti, waya wala mtaro. Ziwani usimpeleke anayeanza. Barafu mpya, ngumu, inayoonekana safi inahitaji angalau inchi 5 kubeba sledi, na ziwa moja linaweza kuwa na inchi 8 hapa na 3 pale.

Na ninyi mnaosema haya si mambo yetu, watoto wetu wanazaliwa huku, baridi ni ya miezi mitano, na wengi wanaimaliza kitandani na simu usoni. Tukae nao ndani tukingoja nini? Wafundisheni kuishi na nchi wanayoishi, lakini kwa waalimu na kwa utaratibu.

Jana tulitoka na watu wa klabu. Tulipofika kwenye barabara kuu mwanangu akasimamisha, akazima, akashuka, akamwachia mtu mzima aivushe mashine, kwa sababu sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 14 kuvuka mwenyewe akiendesha. Akavuka kwa miguu nyuma yake, helmeti mkononi, akiangalia kushoto na kulia. Atatimiza 14 mwezi Machi.