Glavu Zilizotembea Vitanda Vitatu

Niliumbuka usiku mmoja wa Ramadhani, wodi imefurika, tuko wauguzi wawili tu. Nilikuwa nahangaika na dripu ya mgonjwa wa kitanda cha nane. Mama wa usafi alikuwa akipiga deki kando yangu. Akaisimamisha mopu yake, akanisogelea sikioni, akaninong'oneza: "Samahani, Sista. Hizo glavu zishatembea vitanda vitatu."

Sikuwa na la kujibu. Na uchungu zaidi ni kwamba nilikuwa kwenye kamati ya kuzuia maambukizi. Lile bango la kunawa mikono lililokuwa juu ya sinki nimelibandika mimi, kwa gundi yangu.

Tangu usiku huo, nikisikia mkubwa anasema "wafanyakazi wahamasishwe", huuliza: wahamasishwe wajue nini? Nyakati tano za kusafisha mikono zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani, hata mwanafunzi wa muhula wa kwanza atakuimbia: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kusafisha kidonda, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Nilikuwa nazijua zote tano. Nilizijua nikiwa na glavu zile zile mkononi.

Kesho yake nilihesabu hatua kutoka kitanda cha mwisho hadi sinki. Thelathini na moja. Kwenda na kurudi, kila mgonjwa, usiku kucha, halafu ufike ukute bomba lakoroma tu. Anayeishi Mombasa hahitaji kuelezwa habari ya maji. Kuna wiki ambazo hata hospitali husubiri maji kama jirani anavyosubiri mkokoteni wa mitungi.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujamsema mtu, hesabu hatua zake. Sisi tuliomba chupa ya sanitaiza ining'inizwe miguuni pa kila kitanda. Sanitaiza ya spiriti yataka sekunde 20 hadi 30 za kusugua, ilhali sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60, na huo ni mbali na safari ya kwenda sinki. Ila isitufanye tusahau maji. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mgonjwa ni wa kuhara, ni sabuni na maji. Kwa hiyo tuliweka ndoo yenye kibomba katikati ya wodi, ijazwe kila zamu, maji ya mfereji yawepo yasiwepo. Na glavu, jamani, hazichukui nafasi ya kunawa. Ukizivua, safisha mikono.

La pili ni ulimi. Kule Vienna mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwashika wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Wenzake wengi walimkataa, naye baadaye akawaandikia barua za hadharani akiwaita wauaji. Alikuwa na haki, lakini sidhani kama kuna mtu aliyewahi kunawa vizuri kwa sababu ya kutukanwa. Mama yule wa usafi alininong'oneza, nami nilizivua papo hapo.

Tukalichukua neno lake. Wodini kwetu, ukisema "zishatembea", mwenzako anaelewa, anacheka, anabadilisha. Mwanafunzi anaruhusiwa kumwambia daktari bingwa. Yule mama naye tukamwita kwenye makabidhiano ya asubuhi, na ndiye aliyetuambia kwamba chupa huisha kila Alhamisi na hakuna anayezijaza mpaka Jumatatu. Kamati nzima haikuwa imeliona hilo.

Kucha nitazipitia haraka, kwa kuwa msimu wa harusi ukifika maneno huwa mengi. Hina haina neno, pakeni. Shida ni kucha za bandia na pete, vijidudu hujificha humo. Kucha zako mwenyewe zisizidi nusu sentimita. Ngozi ikipasuka kwa kunawa, tumia losheni. Mafuta ya nazi yaache nyumbani, ujipake ukilala, maana mafuta huharibu glavu za mpira.

Sare za kazi kupanda nazo matatu hadi feri ya Likoni, au upitie nazo Kongowea kununua mboga? Sipendi. Lakini mahali pasipo na kabati wala chumba cha kubadilishia, nitamlaumu nani?

Halafu kuna jambo ambalo wengi wetu hatulitaji kwa haya. Kwa miaka mingi sikuwa nikinywa maji kazini, na joto hili la Februari na Machi, kwa kuwa sina wa kunishikia wagonjwa nikienda msalani. Chakula changu cha usiku kilikuwa viazi karai na soda. Njia ya mkojo iliniuma hadi nikalazwa kitanda cha upande wa pili, nikapewa dripu na mwenzangu. Nilimtazama mikono muda wote.

Siku hizi zamu yetu ina "nishikie": kila mtu ana dakika kumi na tano, jina la anayemshikia limeandikwa ubaoni kabla ya saa tatu usiku. Wanaofunga hupangiwa saa ya kufuturu, na wasiofunga ndio wanaowashikia. Chupa ya maji inakaa kwenye chumba cha chai, si kwenye meza ya dawa. Na kama hujamaliza chanjo ya homa ya ini aina ya B, kamilisha dozi zako tatu. Wengi hupata ya kwanza na ya pili, ile ya tatu, inayokuja miezi sita baada ya ya kwanza, wakaisahau.

Alhamisi iliyopita chupa ya kitanda cha nne ilikuwa tupu tena. Nimeshuka stoo mwenyewe, nikapanda na dumu.