Maswali na majibu: hesabu zinazosikika

Maswali ya safari hii yametoka Lamu na Malindi, na yote yanahusu namba ambazo sikio huzijua kabla ya kalamu.

Napiga udi. Mwalimu wangu husema kila uzi una nusu yake na theluthi yake. Ana maana gani? (Mkomani)

Chukua rula. Tuseme uzi una sentimita 60. Uguse kidogo tu penye 30, kisha udonoe: utasikia sauti ile ile, ila ya juu, maana mitetemo imekuwa maradufu, 220 kwa sekunde ikawa 440. Sasa bana penye 20 kutoka juu, karibu na pale shingo inapoungana na tumbo. Zile 40 zinazobaki hutetema mara moja na nusu: 330. Zipige pamoja na uzi mzima. Ni tamu mno.

Na hapa ndipo pananikosesha usingizi. Anzia 1. Panda kwa moja na nusu mara 12, unafika kama 129.7. Panda kwa mbili mara 7, unafika 128. Zimekaribiana, lakini hazikutani, wala hazitakutana ukipanda milele: moja na nusu ni 3 kwa 2, na 3 ikizidishwa kwa 3 hubaki witiri, na 2 kwa 2 hubaki shufwa. Ndiyo maana fundi wa piano hupunja kidogo kila hatua. Wewe vidole vyako viko huru. Kaa pale sikio linapotaka.

Nikipiga tari kila baada ya tatu na mwenzangu kila baada ya nne, tutakutana wapi? (Langoni)

Kila baada ya 12. Jaribuni polepole kwanza.

Mwanangu auliza: kipande cha utenzi kina mizani 8. Kwa mapigo mafupi ya mizani moja na marefu ya mizani mbili, twapata mipangilio mingapi? (Shela)

Mama, ni 34, lakini asikubali kwa kuambiwa. Aanze na mizani 1, 2, 3, 4, 5: atapata 1, 2, 3, 5, 8. Kila mpangilio huishia pigo fupi au refu. Ondoa fupi, zabaki mizani 7, zenye mipangilio 21. Ondoa refu, zabaki 6, zenye 13. Jumlisha. Namba hizi zimepewa jina la Fibonacci, mwanahisabati wa Italia aliyeziandika mwaka 1202, lakini Hemachandra wa India alizifikia kiasi cha mwaka 1150, akihesabu mizani za mashairi, kazi ile ile ya mwanao.

Hesabu niliziacha shuleni. Nitaweza? (Malindi)

Utaweza. Zidisha 142857 kwa 2, kwa 3, hadi 6, ukitazama tarakimu zinavyozunguka. Kisha kwa 7.