Biokemia ya mwaka wa kwanza: anza na maji, hata kama unadhani unayajua

Testi yangu ya kwanza ya biokemia nilipata 11 kati ya 40, na sikuwa mvivu. Nilikesha wiki nzima. Asidi amino zote 20, zile zinazoungana kuwa protini, nilizitungia wimbo, nikawa naziimba bafuni kuanzia alanini mpaka valini, hadi mwenzangu wa chumbani akazishika kabla yangu, na yeye anasoma uhasibu. Swali la kwanza halikuuliza majina. Liliuliza: kati ya lusini na aspateti, ipi utaikuta katikati ya protini na ipi utaikuta juu yake, na kwa nini? Wimbo wangu haukuwa na ubeti huo.

Mwisho wa muhula nikashika sapu, yaani mtihani wa marudio. Likizo ambayo wenzangu walilala mpaka saa nne, mimi nilikuwa sebuleni kwa mama na madesa yangu, yaani notisi za kozi, hofu ya kudisko, kufukuzwa chuo kwa kufeli, ikinikaba. Mambo ninayoyaandika hapa niliyaona likizo ile, na nimekuwa nikiwaambia wadogo zangu wa kozi tangu hapo.

La kwanza: rudi kwenye ile sura uliyoiruka. Mimi niliruka sura ya maji. Nani hayajui maji? Nikakimbilia kwenye mizunguko mikubwa yenye mishale, maana ndiko wakubwa walikosema mitihani inatoka.

Mama yangu anauza barafu na maji baridi. Friza yake ina amri moja: chupa ya kioo haijazwi mpaka shingoni. Siku moja nikajaza, asubuhi tukakuta vipande. Nilipokuwa nachambua vioo huku nafokewa, nikajiuliza kitu ambacho muhula mzima sikujiuliza: kwa nini maji yakiganda yanataka nafasi kubwa zaidi?

Molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, zimekaa kwa kupinda, pembe ya digrii 104.5 hivi. Oksijeni ina tamaa ya elektroni, inazivuta upande wake. Kwa hiyo upande wa oksijeni unakuwa na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni chanya kidogo. Haidrojeni ya molekuli hii inavutwa na oksijeni ya jirani: hicho ndicho kifungo cha haidrojeni. Ni dhaifu, karibu mara ishirini kuliko kile kinachoshika haidrojeni na oksijeni ndani ya molekuli yenyewe. Katika maji ya kawaida vifungo hivi vinashikana na kuachiana kila wakati, kwa kasi isiyofikirika. Yakiganda, kila molekuli inatulia na kushika majirani wanne, kila mmoja kwa umbali wake, na katikati kunabaki uwazi. Ujazo unaongezeka kwa asilimia 9 hivi. Chupa ya mama ikapasuka.

Baada ya hapo nilianza kuuliza kila molekuli swali moja tu: wewe unapenda maji au unayakwepa? Jaribu hivyo na utashangaa ni kurasa ngapi za desa zinajifunga zenyewe.

Chukua mafuta. Tunasema mafuta na maji hayapatani, lakini ukiangalia vizuri, mafuta hayana ugomvi na mtu. Maji ndiyo yanayoshikana yenyewe kwa yenyewe, na asiye na mkono wa kutoa anasukumwa pembeni. Wale waliosukumwa wanajikuta pamoja. Sasa chukua fosfolipidi: ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakwepa. Itie kwenye maji, zinajipanga zenyewe tabaka mbili, vichwa nje, mikia ndani. Huo ndio utando wa seli. Ukishaona hivyo, hutakariri tena kwa nini oksijeni inapita utando kirahisi na sodiamu, yenye chaji, inahitaji mlango wa protini.

Jibu la ile testi nalo likaja lenyewe. Lusini inakwepa maji, kwa hiyo protini ikijikunja inajificha katikati. Aspateti ina chaji, inakaa juu inakogusana na maji. Na yai likichemka? Mnyororo wa protini haukatiki. Kinachoachia ni vile vifungo dhaifu vilivyoishika mikunjo. Zile sehemu zilizojificha zinatoka nje, hazina pa kwenda, zinang'ang'aniana na za jirani. Ute unakuwa mweupe na mgumu.

Mfano ulionikaa zaidi ni selimundu, pengine kwa sababu huku kwetu si ugonjwa wa kwenye vitabu. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ina minyororo minne, na ule unaoitwa beta una asidi amino 146. Vernon Ingram alionyesha mwaka 1957 kwamba kwa mgonjwa wa selimundu glutamati moja imekuwa valini. Leo tunajua iko nafasi ya 6. Moja tu! Nikiwa nakariri, hilo lilikuwa jina limebadilishwa na jina. Uliza swali letu: glutamati ina chaji, inapenda maji, imekaa juu ya protini kwa raha zake. Valini inayakwepa, na imewekwa hapo hapo juu. Himoglobini ikishaachia oksijeni, umbo lake linabadilika na kuacha kijishimo ambacho valini ya molekuli ya jirani inaingia kama ufunguo. Moja inashika nyingine, na nyingine, zinakuwa nyuzi ndefu, na seli nyekundu inapinda kama mundu. Ukipungukiwa maji mwilini, seli inakauka, himoglobini inasongamana, kushikana kunakuwa rahisi zaidi. Ndiyo maana kliniki wanasisitiza mgonjwa anywe maji mengi. Nilisoma ukurasa huo mara tatu, si kwa kukariri.

Kabohaidreti sitakaa sana. Ujue tu kwamba ugali na karatasi vyote ni minyororo ya glukosi, tofauti ni jinsi glukosi moja inavyoungana na nyingine. Vimeng'enya vyetu vinakata muungano wa wanga, wa selulosi haviwezi.

pH, kipimo cha ayoni za haidrojeni, ndiyo ilinikimbiza, kwa sababu inahesabiwa kwa logi (logarithimu). Ushauri wangu: kariri kwamba logi ya 2 ni 0.3. Basi. pH ya damu ikishuka kwa 0.3, kutoka 7.4 hadi 7.1, inaonekana kama mabadiliko ya kijinga, kumbe ayoni za haidrojeni zimeongezeka mara mbili. Mgonjwa wa namna hiyo yuko hatarini. Fanya hesabu kumi za hivyo kwa mkono kabla hujagusa kalkuleta.

Halafu, mweleze mtu kwa Kiswahili. Mimi nilimweleza mdogo wangu wa darasa la saba. Kwa lugha ya darasani unaweza kuficha ujinga nyuma ya neno gumu na mwalimu akakupa nusu maksi. Ukimwambia mtoto "utando unachagua", atakuuliza unachaguaje, na hapo ndipo utajua kama unajua. Mimi mara ya kwanza sikujua, nikamwambia akaoshe vyombo.

Sapu nilifaulu, si kwa alama za kujivunia.

Kukariri kupo, usidanganyike. Asidi amino bado ni 20. Ila zipange kwa tabia: zinazokwepa maji, zinazopenda maji bila chaji, zenye chaji hasi, ambazo ni mbili tu, na zenye chaji chanya, ambazo ni tatu ukihesabu histidini. Chora kundi moja kwa siku, kwa kalamu, usipige picha desa. Kisha weka pembeni tatu zenye vituko vyake: glisini ni ndogo kuliko zote, prolini inapinda mnyororo, sisteini inashikana na sisteini nyingine kwa salfa. Kwa hizo tatu, hata wimbo unasaidia.