Mgeni Akikuuliza Kuhusu Risasi, Mjibu

Septemba 2017 nilikuwa nasubiri wageni sita wa Uholanzi. Walikuwa wameshafika Arusha, kianzio wameshalipa, na mpango ulikuwa washuke kwa barabara kupitia Babati waje kuona michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa. Kisha tulale Dodoma siku mbili, waonje zabibu, wapande treni ya kurudi Dar.

Tarehe 7 mwezi huo Tundu Lissu, mbunge na rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, alimiminiwa risasi mchana kweupe nje ya makazi yake Area D, hapa hapa Dodoma. Siku 22 kabla yake, Wayne Lotter, mhifadhi aliyekuwa akipambana na majangili wa tembo, alikuwa ameuawa kwa risasi Dar es Salaam. Kwetu sisi hayo yalikuwa mambo mawili tofauti. Kwa mtu aliyekaa Ulaya akisoma simu yake, ilikuwa nchi moja, mwezi mmoja, risasi zile zile.

Jioni ya siku ya pili kiongozi wao akaniandikia: wamesoma habari za mbunge, je, Dodoma kuna usalama? Nikamjibu mstari mmoja: "Dodoma ni salama kabisa, karibuni sana." Nilidhani nimemtoa hofu. Asubuhi akaniarifu kwamba hawaji, wanaongeza siku Tarangire.

Nilikwenda Kolo mwenyewe kumwambia mama anayenipikia wageni. Nilikuta kuku wanne wamefungwa miguu chini ya mwembe, pumba zimemwagwa mbele yao. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akainama, akaanza kuwafungua kamba mmoja mmoja. Kuhusu hela yake hakusema neno.

Hapo ndipo nilipoelewa maumivu haya yanaangukia wapi. Mgeni akiogopa, hafuti Serengeti. Anafuta Kondoa. Michoro ile iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, mapango yenye michoro yanazidi 150, lakini kwa watalii wengi bado ni kituo cha njiani, na cha njiani ndicho kinachokatwa kwanza.

Miezi kadhaa baadaye mmoja wa wale Waholanzi aliniandikia. Hawakuikimbia ile risasi, alisema. Walilikimbia jibu langu. Mtu ambaye wangeingia kwenye gari lake alikuwa anaongea kana kwamba mjini kwake hakuna kilichotokea, sasa barabarani wangemwaminije?

Maneno yale nimeyabeba mpaka leo, na ndiyo yanayonifanya niwaandikie ninyi mnaoongoza wageni na mnaoendesha gesti huku kanda ya kati. Likitokea tukio kubwa, mwambie mgeni wewe kabla hajakuuliza. Mtajie tarehe, mahali, na kile kinachojulikana mpaka saa hiyo. Usianze na biashara yako. Aliyepigwa risasi ni mtu, ana familia, na mgeni anasikia upesi sana kama hilo halikugusi. Kisha ndipo umweleze ramani. Kondoa ni kama kilomita 160 kutoka Dodoma mjini, na tangu 2018 ni lami mwanzo mwisho. Mwambie atalala wapi, nani yuko naye, na kama anataka kupita mbali na eneo fulani, badilisha njia bila kununa. Maneno ya "kisiwa cha amani" yaache. Ni mazuri sisi kwa sisi, ila hayamjibu mtu mwenye hofu.

Zoea pia kusoma tahadhari za usafiri ambazo serikali za wageni wako zinatoa. Bima nyingi za safari hazimlipi mtu aliyekwenda kinyume na onyo la serikali yake, kwa hiyo hata anayekuamini wewe atafungwa mikono. Mei 2014 Uingereza ilipowaonya watu wake kuhusu Mombasa baada ya mashambulizi, kampuni za utalii ziliwaondoa watalii kwa mamia kwa ndege, likizo ikiwa haijaisha.

Kuna jambo moja sisi waongoza wageni hatuliwezi peke yetu. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliwahukumu watu 11 kwa mauaji ya Lotter. Tangu siku ile, mgeni akiniuliza habari zake nina sentensi ya mwisho ya kumpa: walikamatwa, wakashitakiwa, wakahukumiwa. Kuhusu shambulio la Area D sentensi hiyo sina, miaka imepita bila mtu kufikishwa mahakamani, na nikiulizwa nasema hivyo hivyo. Tunatumia fedha nyingi kwenye mabango na maonyesho ya nje kuitangaza nchi. Mimi naamini kesi moja iliyofika mwisho, hadharani, ingenisaidia kuliko mabango yote hayo.

La mwisho ni la hela. Kianzio kikiingia, gawana siku hiyo hiyo na walio chini yako: mpishi, dereva, kijana anayebeba maji mlimani. Mama wa Kolo sasa namlipa nusu kabla hajaenda kununua kuku, na nimemwambia wazi kwamba hela hiyo ni yake hata gari lisipofika.